Kola ya Shati la Fundi Saa

Siku ya dobi ilianza na makaa. Jua halijagusa baraza, yeye ameshachuchumaa mbele ya jiko na kipande cha boksi la sabuni mkononi, anapepea na kukohoa, anapepea na kukohoa, mpaka makaa yawe mekundu yote. Kaa lenye jicho jeusi lina moshi, na moshi ni adui wa nguo nyeupe. Kisha anayatia kwa koleo ndani ya tumbo la pasi, anafunga kifuniko chenye kijogoo cha shaba, analowesha kidole kwa mate na kugusa. Tss. Sauti ile ikiwa fupi, kama mtu aliyekatizwa neno, kazi inaanza.

Binti yake aliijua sauti hiyo kama watoto wengine wanavyoijua kengele ya shule. Shule yenyewe aliionja tu. Alikuwa darasa la nne mgongo wa mama yake ulipokamata, mabeseni yakakosa mtu, naye akaitwa nyumbani asaidie kwa muda. Ule muda haukuisha. Mgongo ulipopona, mikono yake ilikuwa imeshazoea, kaka zake wawili wameshaoa na kuhamia mbali, na hakuna aliyelitaja tena suala la shule. Ila baba yake, mara mojamoja, akimwona anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni, alikuwa akiinua pasi na kumsubiri amalize ndipo amtume.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na baraza mbele. Baraza ndilo lililokuwa mahali pa kazi: meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, na kikapu cha nguo zilizonyunyiziwa maji na kuviringishwa, zinazosubiri pasi. Nyuma kulikuwa na ua wenye kamba nne na mabeseni matatu. La kwanza la sabuni, la pili la kusuuzia, la tatu maji yenye matone ya buluu, ile rangi inayoifanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi ya ilivyo. Pembeni, sufuria ya wanga: uji mwepesi wa unga wa muhogo unaokaza kola na vikofi vya mikono ya shati. Mabeseni yalikuwa ya mama. Sufuria ilikuwa ya binti. Tangu ana miaka kumi na mbili hakuna mtu mwingine aliyeikoroga, kwa kuwa baba yake alisema wanga wake hauna donge hata moja, na dobi hakuwa mtu wa kumwaga sifa.

Na mtaa mzima ulikuwa nyuzi. Dobi hakuelewana na kalamu, kwa hiyo kila mteja alikuwa na mishono miwili ya uzi wa rangi yake, ndani ya pindo la nguo, upande wake. Mkunga alikuwa njano kushoto. Muuza mkaa alikuwa nyekundu kulia, na mke wake akasema ni sawa, kwani nguo zake zilihitaji onyo. Basi utamsikia dobi akisema, "Leo Njano hajapita, sijui ni mtoto wa nani anazaliwa." Mgeni angedhani mzee amechanganyikiwa. Fundi saa, mzee mpole mwenye kibanda cha kioo karibu na soko, alikuwa kijani kushoto. Karani alikuwa bluu kulia.

Karani huyo alifanya kazi katika ofisi moja yenye ngazi nyingi, na nadhani ngazi zile zilimpanda kichwani. Alikuwa na baiskeli nzuri na hakushuka kwenye baiskeli hiyo kwa ajili ya dobi. Alisimama na mguu mmoja chini, akarusha furushi lake kutoka huko. Likianguka mezani, sawa. Likianguka vumbini, sawa pia.

Kuhusu watu wa namna hiyo, baba na mama hawakufanana hata kidogo, na binti alikulia katikati yao akitazama huku na huku. Mama hakulaza neno la mtu. Ukimtupia, kabla halijatua ameshakurudishia, na la kwake lina kicheko ndani yake, kwa hiyo watu wakacheka na wewe ukabaki unatafuta mlango. Baba alinyamaza. Aliokota furushi, akalikung'uta, akasema karibu tena. Halafu alikuwa na tabia moja iliyomuudhi binti kuliko kunyamaza kwenyewe: nguo za karani alizipiga pasi kabla ya za mtu mwingine yeyote. Mkunga asubiri, fundi saa asubiri, mwenye dharau awe wa kwanza. Binti aliliweka moyoni jina la tabia hiyo, na jina lake lilikuwa woga.

Alhamisi moja karani alikuja baraza likiwa na watu. Mkunga alikuwepo, na fundi saa naye alikuwa ameleta shati moja jeupe, amelikunja kama barua. Karani alirusha furushi jipya likaanguka vumbini, akachukua mzigo wake uliokwisha, akavuta shati la juu kwa vidole viwili, kama aliyeshika mkia wa panya.

"Dobi, hii ndiyo nyeupe?"

"Ndiyo, bwana karani."

"Nyeupe ya wapi hii?"

Mama alitokeza mlangoni, mikono ina povu mpaka viwikoni. "Ikikushinda hiyo, baba, subiri mawingu yashuke nikufulie hayo."

Watu wakacheka. Karani aliwatazama mmoja mmoja akitafuta pa kutokea, macho yake yakamwangukia binti aliyesimama na bakuli la maji ya kunyunyizia.

"Na huyu bubu wenu vipi? Kila nikija ananitolea macho tu. Alizaliwa hivyo, au mlimfua sana akapauka?"

"Mwanangu anatunza maneno yake," mama akasema. "Wewe yako unayamwaga njia nzima, ndiyo maana ukifika hapa umebaki na makapi."

Kicheko kikaongezeka, na karani akazidi kuiva. Safari hii akamgeukia dobi mwenyewe, aliyekuwa anamfungia mzigo kwa kamba.

"Mzee, mikono inakutetemeka. Hebu oneni wenyewe. Inatetemeka! Siku moja utatuchomea nguo sisi. Mtu akizeeka awaachie wengine kazi, si kung'ang'ania pasi."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama alifungua mdomo, lakini dobi alimtangulia. "Hizi ulizoleta zitakuwa tayari Jumamosi asubuhi, bwana karani. Karibu." Akainama kuokota furushi chini, akalikung'uta.

Baiskeli ilipokata kona, fundi saa alikohoa kidogo, kama anayeomba radhi kwa kosa la mwingine. "Dobi, ndugu yangu, hili langu nalo naliomba Jumamosi, kabla ya saa sita. Saa sita mdogo wangu anashuka basi. Miaka kumi na minane hatujaonana. Shati hili alinivisha yeye mwenyewe siku anaondoka, sijalivaa mara kumi. Nataka alikute mwilini mwangu."

"Atalikuta," alisema dobi.

Binti hakuwa akisikiliza vizuri. Alikuwa anaitazama mikono ya baba yake. Haikuwa inatetemeka. Au ilikuwa? Jana yake asingejiuliza swali hilo, na sasa alishindwa kuliacha.

Ijumaa alasiri, zamu ya wanga ilipofika, alikoroga sufuria yake kama kawaida. Kisha akachota kidogo kwenye kibakuli, akaongeza unga, akakirudisha jikoni mpaka kijiko kikasimama. Alishaona hayo yote kichwani tangu usiku: karani yuko ofisini siku ya Jumatatu, kola inamkereza shingo kama msumeno, anajipinda kama jogoo aliyefungwa kamba, na hajui kwa nini. Hakutaka aumie sana. Alitaka aumie.

Alitafuta shati mojawapo la karani katika nguo mbichi. Akashika moja, akafunua pindo: mishono miwili, upande wa kulia, rangi ya bluu. Akalipaka kola ule uji mzito mara tatu, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukazama, akalianika.

Sasa, uzi wa kijani wa fundi saa ulikuwa umezamishwa kwenye maji ya buluu kwa miaka mingi, ukawa si kijani tena wala si bluu. Dobi alilijua hilo, kwa hiyo kwa fundi saa alitegemea upande, si rangi. Na shati linapotoka kwenye beseni limegeuzwa nje ndani, kushoto kwake kunakuwa kulia. Hilo binti alilijua tangu ana miaka tisa. Hakuna mtoto wa dobi asiyelijua. Ila siku ile macho yake hayakuwa kwenye shati. Yalikuwa kwenye shingo ya karani.

Jumamosi asubuhi dobi aliweka makaa, akagusa pasi, tss, akachukua furushi la karani kwanza kama siku zote. Binti alisimama pembeni na bakuli lake. Shati la kwanza likafunguliwa. Pasi ikapita kwenye kola, kola ikalala kwa adabu, laini na safi. Siyo hili, alijiambia, ni la pili. La pili nalo likalala vilevile. La tatu pia. Furushi la karani likaisha, mashati yote matatu yamekunjwa mezani kama mapya, na kikapuni shati jeupe lililobaki lilikuwa moja tu.

Angesema hapo hapo. "Baba, subiri" ingetosha. Alilitafuta neno, akalipata, likapanda mpaka kwenye meno, likakwama. Kulitoa hilo kungemlazimu kuyatoa na mengine yote. Na baba yake alikuwa ameshalitandaza shati.

Dobi aliigusa kola kwa kidole gumba, akasita. Aliikunja mikono yake na kuikunjua mara mbili, kama mtu asiyeiamini. Kisha akapitisha pasi. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ikapanda harufu ya uji ulioshika sufuria. Akainua pasi upesi. Kwenye kola ya fundi saa, pale panapokunjika nyuma ya shingo, palikuwa na doa la kahawia kubwa kama jani.

Aliiweka pasi kwenye kigae chake taratibu sana. "Mama watoto," aliita. "Njoo uone."

Mama akaja anajipangusa. "Yallah! Moto ulikuwa mwingi?"

"Moto ule ule wa kila siku."

"Sasa imekuwaje?"

"Karani alisema kweli."

"Kweli gani tena?"

"Mikono. Niliisikia kola ngumu, nikadhani ugumu ni wa vidole vyangu. Zamani ningejua tofauti." Alifungua kifuniko cha pasi, akaanza kuyatoa makaa kwa koleo, moja moja, na kuyatumbukiza kwenye kopo la maji. Chwaa. Chwaa. "Waambie watu waje wachukue nguo zao kama zilivyo. Mimi nimefika mwisho."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake binti alimwona mama yake akikosa la kusema.

Na ndipo alipoelewa kitu. Siku zote alidhani maneno ya watu humpitia baba yake kama maji yanavyopita kwenye bati. Kumbe hayakuwa yanapita. Yale ya Alhamisi yaliingia, yakakaa siku mbili kimya kimya, na leo yalikuwa yanamnyang'anya pasi mkononi. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa inazimwa kwenye kopo la maji kwa sababu ya kidole gumba cha mtoto wake. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Baba angekaa pale barazani mpaka kufa kwake akiitazama mikono mizima na kuiona mibovu.

"Baba, siyo wewe."

Chwaa.

"Baba! Ni mimi."

Koleo likasimama hewani.

"Niliweka wanga mzito. Mzito sana, mara tatu. Mikono yako haina kitu. Nilidhani shati ni la karani. Nilitaka imkate shingo."

Mama akashika kichwa. "Mungu wangu! Na ukimya wote huo! Kumbe ndani yake mna haya! Si ungeniambia mimi? Ningemwambia mimi mpaka achanganyikiwe na baiskeli yake!"

"Ulishamwambia, mama," binti alisema kwa sauti ndogo. "Kila ukimwambia, yeye anatafuta mwingine wa kumgeukia. Juzi ulipomwambia, akamgeukia baba."

Mama akaketi kwenye kizingiti.

Dobi alikuwa ameinua kola. Aliigonga kwa ukucha, ikalia tk tk kama mlango. Aliikwangua kidogo, akaweka ulimini. "Wanga," akasema. "Wanga mtupu." Akaitazama mikono yake, huku na huku, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake na jirani. Tabasamu likaanza, lakini alipomtazama binti likarudi lilikotoka.

"Uliponiona nalishika hili, ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua, baba."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Lile la karani nalielewa. Hili ndilo litakalonichukua muda."

Binti alilia, lakini alikuwa na swali lililomkaa kooni miaka yote, na siku ile kila kitu kilikuwa kimeshafunguka. "Na wewe kwa nini unamwogopa? Anakutukana, halafu nguo zake ndiyo za kwanza!"

"Kumwogopa?" Dobi alishangaa kwelikweli. "Mwanangu, nampigia pasi wa kwanza kwa sababu asubuhi bado sijamkumbuka. Mkono haujachoka, kichwa kitupu, nguo ni nguo. Nikimwacha mpaka jioni, kutwa nzima niko naye hapa mezani, ananitukana na mwenyewe hayupo. Kufika zamu yake, hakika namchomea. Kwa hiyo namtoa mapema, niimalize siku yangu na watu ninaowapenda. Lakini hayo ya mikono yalinishinda. Sikuyatoa. Nilipaswa hata kumwambia mama yako usiku ule, anicheke yaishe."

"Ningekucheka sana," mama akasema akiinuka. "Haya, mtasemeshana baadaye. Mdogo wake mtu anashuka saa sita. Wewe, leta wembe na uzi mweupe. Na wewe uliyestaafu, pepea makaa."

Kola ya shati, ikitengenezwa vizuri, ina nyuso mbili zinazofanana: moja inaonekana, nyingine inalala chini. Mama aliifumua yote kwa wembe, mshono baada ya mshono, akatoa wanga kwa maji ya moto, akaigeuza wa chini juu, wenye doa chini, akaishona tena mahali pake kwa mkono. Saa nzima na zaidi hakusema neno, na watu waliopita walisimama kuuliza kama anaumwa. Dobi alipepea. Binti alishika kitambaa kivutike sawa, macho kwenye sindano. Kisha dobi akakausha kola kwa pasi, akainyoosha, akalikunja shati. Mikono yake ilikwenda bila kusita, na binti alisimama akiitazama mpaka ikamaliza.

"Peleka wewe," baba akamwambia.

"Nikaseme nini?"

"Ilivyokuwa."

"Kwani ataona?" mama akauliza. "Nimeshona kama kiwandani."

"Fundi saa huyo," dobi akasema. "Ataona."

Na kweli, binti alipoeleza yote mbele ya kile kibanda cha kioo, fundi saa alikiweka kile kioo chake cha kukuzia jichoni, akaifunua kola, akaifuata mishono kutoka ncha hadi ncha. Akaliona doa chini. Binti alisubiri upole wake, ule ambao mtaa mzima uliujua.

"Miaka kumi na minane nimelitunza," alisema mwishowe, bila kuinua uso. "Wewe siku moja tu. Nenda."

Alilivaa, kwa sababu hakuwa na lingine kutoka kwa mdogo wake. Saa sita na kidogo binti alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya duka, akawaona wazee wale wawili wanakuja, mgeni amemshika mwenzake bega, wote wanaongea kwa pamoja na hakuna anayesikiliza. Kola ilikaa vizuri. Hakuna aliyeitazama.

Karani naye alikuja alasiri ile kuchukua mzigo. Alilikagua kila shati akitafuta pa kuanzia, akakosa. "Haya, bubu, nipe kamba nifunge."

"Bubu hayupo," binti akamjibu. "Kamba hii hapa." Alisema taratibu, bila kicheko ndani yake na bila sumu, na karani akafunga mzigo wake mwenyewe huku akimwangalia kama mtu aliyesalimiwa na meza. Mle ndani beseni lilimponyoka mama likalia sakafuni. Dobi aliendelea kupiga pasi. Sketi za mkunga zilikuwa na marinda mengi.

Dobi aliendelea na pasi miaka tisa mingine. Magoti ndiyo yaliyomshinda, si mikono, na wakati huo pasi za umeme zilikuwa zimeshaingia kila nyumba, wateja wamebaki wachache wenye suti na wazee wasiotaka mabadiliko. Binti, ambaye leo ana watoto wanaomuuliza habari za babu yao, anakumbuka mambo mengi ya baraza lile na mengine ameyasahau. Sauti ya mama yake akimkabili mtu anaisikia bado, sura ya karani imemtoka kabisa. Lakini mwezi uliofuata baada ya Jumamosi ile anaukumbuka siku kwa siku.

Kwa maana fundi saa hakuleta tena nguo. Alivaa mashati yenye makunyanzi, akapita mbele ya baraza ametazama mbele. Na kila asubuhi, njia ya binti ya kupeleka nguo zilizokwisha ilipita kwenye kibanda chake.

"Shikamoo, babu."

Fundi saa ameinamia saa ya mtu. Kimya.

Kesho yake tena. "Shikamoo, babu." Kimya. Wiki ya kwanza binti alitamani apite nyuma ya soko. Wiki ya pili mama yake alisema, "Mtoto anaamkia, mtu mzima haitikii! Ngoja nikamwambie neno moja tu, moja." Binti akamzuia: "Usiende, mama. Huyu nimemkosea." Mama akarudi kwenye mabeseni yake akinung'unika kwamba maneno mazuri yanaharibika bure. Baba hakumshauri kitu. Jioni alimuuliza tu, "Umepita?"

"Nimepita."

"Haya."

Kulikuwa na siku alizotaka kusimama pale na kusema: basi inatosha, nilikuja mwenyewe, nilisema mwenyewe, shati lenyewe umelivaa. Maneno hayo yalikuwa ya haki kabisa. Aliyabeba mpaka nyumba ya mteja wa kwanza, akayaacha mlangoni pamoja na nguo. Kesho yake akaamkia tena, kwa sauti ileile, si ya kubembeleza wala ya kulazimisha.

Asubuhi ya wiki ya tano mvua ilikuwa imenyesha na njia ina madimbwi. Binti alikuwa na kapu kichwani, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Alisimama. Hakuwa na hakika.

Fundi saa alitoa kioo jichoni, akakifuta kwa kitambaa, polepole. "Nilimsimulia mdogo wangu habari yako, siku ile ile. Alicheka mpaka akakabwa na maji. Akaniambia hata yeye angempaka karani huyo wanga. Mimi ndiye niliyebaki na hasira, na aliyenipa shati ameshaondoka na kicheko chake." Akashusha pumzi. "Hasira nayo ni kazi, mjukuu wangu. Kwa uzee huu kazi mbili siziwezi."

Binti alisogea hatua moja karibu na kioo.

"Baba yako anapiga pasi bado?"

"Bado, babu."

"Mwambie kesho nitaleta matatu. Yamejikunja, nimekuwa kama gunia." Akarudisha kioo jichoni, akaiinamia saa yake. "Nenda sasa, nguo za watu zisilowe."

Binti alisema ahsante, akaliweka kapu sawa kichwani, akatembea kwa heshima zake, na hakukimbia mpaka alipokata kona.